Bwana Harusi Hakupanda Treni

Mliniacha sebuleni kwangu, mjini Nantes, nikiwa bado nimevaa gauni la harusi, na mwanamke ambaye nusura awe mama mkwe wangu amesimama mlangoni na sanduku lake.

Kwa wewe uliyekuja leo: naitwa Solène, nina saluni, natengeneza nywele za watu. Jumamosi ile nilikaa mbele ya meya, ukumbi umejaa ndugu na marafiki, tukamsubiri Aurélien mpaka meya akaanza kuangalia saa yake bila kujificha. Hakuja. Ulikuja ujumbe kwenye simu. "Nisamehe. Siwezi."

Basi. Miaka minne ya mapenzi ikaishia hapo.

Jioni yake mama yake akanigongea mlango. Bi Ghislaine wa Dijon, mjane mwenye duka la dawa, mwanamke ambaye tangu siku ya kwanza alinitazama kama anayetazama doa kwenye kitambaa cha meza. Nilidhani amekuja kuomba radhi.

"Fungasha," akasema. "Kesho jioni treni inaondoka Paris."

Treni ile ilikuwa zawadi yake ya harusi. Ile ya mabehewa ya zamani, ya kulala, Paris hadi Venice, ambayo watu huipanda mara moja maishani na kuisimulia mpaka wanazikwa. Ndiyo ilikuwa iwe fungate yetu.

"Nipande treni ya fungate na wewe?"

"Na mimi."

"Bi Ghislaine, uko sawasawa kweli?"

"Najua kwa nini mwanangu amekimbia," akasema. "Nitakuambia. Lakini ndani ya treni. Hapa sisemi."

Nilitaka kumbamizia mlango usoni. Lakini nilikuwa nimeachwa mbele ya watu mia bila kuambiwa kosa langu. Ili nilijue, ningepanda naye hata mkokoteni wa punda.

Nikafungasha.

*

Mhudumu wa behewa letu alikuwa Mwitaliano, Renzo, mtu mzima mwenye koti la bluu na vifungo vya dhahabu. Alitupokea jukwaani kwa tabasamu lililotoka moyoni.

"Karibu, karibu sana, Bibi Maury! Hongera! Na Bwana Maury yuko nyuma na mizigo?"

Nikafungua mdomo.

"Bwana Maury ni mimi," akasema Bi Ghislaine, akamkabidhi kofia yake.

Renzo alinitazama, akamtazama yeye, akaelewa kwamba hakuna la kuuliza.

"Basi karibu, Bwana Maury," akasema, na wala nyusi zake hazikutikisika. "Ngazi iko juu kidogo, tahadhari."

Chumbani walikuwa wametuandalia mapenzi. Chupa ya shampeni kwenye barafu. Bilauri mbili. Kwenye kochi la mahameli, petali za waridi zimepangwa mfano wa moyo.

Bi Ghislaine alizikumba zile petali kwa kiganja, kama anayekumba makombo mezani, akazitupa kwenye beseni la kunawia. Kisha akakaa palepale moyo ulipokuwa.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Treni iondoke kwanza."

Treni ikaondoka. Paris ikaanza kurudi nyuma taratibu, magorofa, madaraja, watu waliokuwa wanatupungia mikono bila kutujua.

"Imeondoka. Sema."

"Tule kwanza."

"Unanichezea!"

"Sijawahi kumchezea mtu maishani mwangu, binti. Vaa. Huku hawali chakula na suruali za jinzi."

Gauni langu lilikuwa la hariri, la kijani. Nililinunua kwa ajili ya macho ya mtu mmoja. Vifungo vyake viko mgongoni, na nilikuwa nimenunua nikijua nani atavifunga.

Nilihangaika navyo mpaka nikasikia vidole vya baridi vinaiondoa mikono yangu. Bi Ghislaine alinifunga vifungo vyote, kimoja baada ya kingine.

"Umekonda," akasema alipomaliza.

Kwa miaka minne, hilo ndilo lilikuwa neno lake la karibu zaidi na wema.

*

Behewa la chakula lilijaa wanaume wenye tai za kipepeo na wanawake wanaomeremeta. Tulikalishwa meza moja na wazee wawili wa Ubelgiji, kutoka Ghent. Mume, Wouter, alikuwa hasikii vizuri na alianza kusinzia tangu supu. Mke, Godelieve, alikuwa anasikia kila kitu.

"Nyie ni mtu na mwanawe?" akauliza.

"Hapana," tukajibu kwa pamoja.

"Basi mtu na dada yake!" Akacheka peke yake.

"Ni mkwe wangu," akasema Bi Ghislaine.

Nikamgeukia. Hakunitazama.

"Oo! Na mumeo yuko wapi, mwanangu? Mke mzuri hivi anaachwa peke yake kwenye treni kama hii?"

"Anaumwa," akasema Bi Ghislaine, akainamia samaki wake.

Nikasema moyoni, huyu mama anajua kudanganya. Hata sauti haikutetereka.

Tulikuwa tunasubiri jibini taa zilipopunguzwa. Kwenye behewa la jirani mpiga kinanda akaanza wimbo ambao kila mtu anaujua. Wapishi wawili wakaja na keki. Juu yake wamesimama watu wawili wa sukari, mmoja na shela, mmoja na suti.

Nyuma yao nikamwona Renzo anakimbia, amenyoosha mkono, anajaribu kuwarudisha. Alikuwa amechelewa.

Behewa zima likapiga makofi. Watu wakasimama.

"Kumbe ni fungate!" akapiga kelele Godelieve. "Wouter, amka, ni fungate!"

"Bwana harusi!" mtu mmoja akaita kutoka nyuma. "Bwana harusi asimame!"

Wakadakia wengine. "Bwana harusi! Bwana harusi!"

Mnajua ninavyoona aibu. Nimewaambia tangu mwanzo wa hadithi hii. Lakini kule kwa meya walikuwa ndugu zangu, walikuwa wanalia nami. Hawa walikuwa wanacheka, wanageuza shingo huku na huku, wanamtafuta. Kelele zikapungua polepole kadiri walivyomkosa. Mwisho ukabaki mlio wa magurudumu.

Nikaanza kusogeza kiti nikimbie.

Bi Ghislaine akasimama kabla yangu.

"Bwana harusi amechelewa," akatangaza, kwa ile sauti yake ya kuwaita wateja dukani. "Kwa hiyo nitacheza mimi. Endelea na kinanda, kijana, usinitolee macho."

Akanishika mkono. Alinishika kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza. Akanivuta kwenye kile kinjia chembamba katikati ya meza.

Hapakuwa na nafasi ya kucheza. Tuliyumba tu, kama behewa lilivyoyumba, nyonga zetu zikigonga pembe za meza.

"Nikanyage ukitaka," akaninong'oneza. "Lakini usilie. Ukilia hapa watakuonea huruma mpaka Venice."

"Nakuchukia."

"Najua. Mguu wa kushoto."

Watu wakaanza kupiga makofi tena. Mzee mmoja akapiga mluzi. Godelieve akawa anajifuta machozi kwa leso ya mezani, anasema ameona mengi lakini mama mkwe wa namna hii hajamwona. Nami nikacheka, nawaambia ukweli. Nilicheka machozi yakinitoka, na kila mtu akadhani ni ya furaha.

Tuliporudi chumbani Renzo alikuwa ameshatandika vitanda, cha chini na cha juu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bibi, ile keki... nisamehe. Nilipeleka habari jikoni, haikufika."

"Ilikuwa keki nzuri," Bi Ghislaine akamjibu. "Wape jikoni waile."

Nikapanda kitanda cha juu na gauni langu lilelile.

"Hukusema," nikamwambia kutoka juu.

"Asubuhi. Nakuapia kwa kaburi la mume wangu."

Akazima taa. Nilidhani amelala, kisha nikamsikia tena, sauti imebadilika.

"Hapana. Si kwa kaburi hilo."

*

Kulipokucha kulikuwa na theluji milimani. Renzo alileta kahawa na mikate ya moto, akaweka, akaondoka.

Bi Ghislaine alikuwa amekaa mbele ya kioo cha beseni, nywele zimemwagika mabegani. Sikuwahi kuziona zimefunguliwa. Zilikuwa nyeupe, nyepesi kama za mtoto mchanga. Alikuwa anajaribu kuzibana na vibanio vinamponyoka.

"Lete," nikasema.

Nadhani alitaka kukataa. Akanipa kitana.

Kazi ni kazi. Mikono yangu ikishika kichwa cha mtu inatulia yenyewe, hata moyo ukiwa unawaka. Nikaanza kuchana kutoka chini, taratibu. Yeye akaanza kuongea na kioo.

"Régis hakufa kwa ajali ya gari."

Kitana kikasimama. Régis ni mumewe, baba yake Aurélien. Picha yake iko ukutani kwetu. Kila mtu Dijon anajua alivyokufa, gari liliteleza kwenye barafu, Aurélien akiwa na miaka sita.

"Endelea kuchana," akasema. "Ukisimama wewe, na mimi nitasimama."

Nikaendelea.

"Ilianza na vidole. Anapima dawa, vidole vinacheza vyenyewe. Chupa zikaanza kumdondoka. Wateja wakasema mfamasia siku hizi mlevi. Kisha ikaja hasira, mtu mpole yule, akarusha sahani ukutani mbele ya mtoto. Kisha miguu. Tukaenda kwa daktari, akatuuliza: mama yako alikufaje? Régis akasema alikuwa na wazimu. Na babu? Ulevi. Daktari akatikisa kichwa. Hakukuwa na wazimu wala ulevi. Ni ugonjwa, uko kwenye damu ya ukoo wao, na hauna dawa."

"Na Aurélien?" Niliuliza, na huku jibu naliona linakuja.

"Mtoto wa mgonjwa ama anao, ama hana. Ni kama kurusha sarafu. Na kama anao, hatajua mpaka awe mtu mzima, siku kikombe kitakapomdondoka."

Nje kulipita handaki. Kioo kikawa cheusi, nikaona nyuso zetu mbili tu, taa ndogo imetumulika kwa chini.

"Régis mwenyewe aliniomba," akasema. "Akasema, mwambie mtoto nimekufa. Mwambie ajali. Nife machoni pake nikiwa mzima. Nikampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa, kule milima ya Jura. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwanangu baba yake amekufa. Tukafanya misa bila jeneza. Nilisema amezikwa kwao."

"Ukamwacha huko?"

"Nilikwenda kila Alhamisi."

"Alhamisi ni siku yako ya kwaya."

Akaninyanyulia macho kwenye kioo.

"Solène. Umewahi kunisikia nikiimba?"

"Krismasi. Kanisani."

"Na ukadhani ni kwaya gani duniani inaweza kunichukua mimi?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu anaimba kama mlango uliokosa mafuta. Naye akacheka, mabega yakitikisika mikononi mwangu, na yakaendelea kutikisika hata kicheko kilipokwisha. Nikaona kwamba analia. Sikujua kwamba anaweza.

Nikampa kahawa. Akanywa, akaendelea.

Régis alikuwa amekufa majira ya kuchipua yaliyopita. Aurélien alikuwa kwa mama yake wiki ile, ameenda kupimisha suti ya harusi. Simu ya nyumbani ikalia Bi Ghislaine akiwa bafuni. Aurélien akaipokea. Muuguzi akasema, naomba Bibi Maury, mumewe Régis amefariki alfajiri ya leo.

"Nilitoka na taulo kichwani," akasema Bi Ghislaine. "Amekaa kwenye ngazi. Akaniuliza tu, 'Mama, hivi baba amekufa mara ngapi?'"

Walimzika wao wawili na padri. Mimi niliambiwa Aurélien ana maonyesho ya biashara Lyon. Nakumbuka. Shati alilovaa kwenye maziko ya baba yake nililipiga pasi mimi, naimba.

"Alikwenda kupima damu," akaendelea. "Majibu yakawa tayari wiki ya harusi. Ijumaa akaja kwangu. Akasema, 'Siwezi kumpa Solène maisha kama yako.' Nikamwuliza, kwani majibu yamesemaje? Akasema hajaenda kuyachukua. Anaogopa. Akatoka. Tangu hapo simu yangu hapokei."

"Kwa hiyo nyote wawili mlijua." Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mimi peke yangu ndiye nilikuwa namchagulia maua ya meza."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unanitazama kama takataka!"

"Mimi?" Akageuka, nywele zikaniponyoka. "Nilikuwa nakupima, binti. Kila ulipokuja kwangu nilikuwa najiuliza, huyu ataweza? Unakumbuka nilichokuambia siku ya kwanza?"

Nakumbuka. Hata nyie niliwaambia, sura ya pili, jinsi nilivyolia garini. Aliniambia nina mikono ya kazi.

"Nilikuwa nakusifu," akasema. "Nilimlisha mume wangu kwa kijiko, nikamnyoa, nikambadilisha nguo, na nguvu hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta kwako. Sikuona namna ya kukuuliza. Ningekuulizaje?"

Nikamgeuza kichwa kielekee kioo, nikaanza upya, nikamsokota nywele kisogoni, nikambana kibanio kimoja, cha pili, cha tatu.

"Nimemwandikia," akasema. "Nimemwambia wewe na mimi tutafika Venice leo jioni, aje huko. Sijui kama amesoma. Na nikuambie la mwisho. Nilikuleta kwenye treni kwa sababu nilitaka mahali ambapo ukishasikia huwezi kubamiza mlango ukaenda zako."

"Naweza," nikasema.

"Unaweza kubamiza?"

"Naweza kumlisha kwa kijiko."

"Usiseme haraka, Solène. Mimi nilisema haraka."

"Nasema taratibu. Akiwa nao au asiwe nao, akija Venice nitamwoa mimi, kama yeye hawezi kunioa."

Alinishika kiganja, akakiweka shavuni kwake. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Tumemaliza, mama," nikamwambia. "Jitazame."

Lile neno "mama" lilinitoka lenyewe. Sote tulilisikia.

*

Innsbruck treni ilisimama. Renzo akapita anagonga milango.

"Shukeni mnyooshe miguu, mabibi na mabwana. Wanabadilisha kichwa cha treni. Msiende mbali, nitawaita."

Mama Ghislaine akatangulia, nami nikabaki nikitafuta koti langu. Nilimwona kupitia dirisha, amenyooka jukwaani kwenye jua, hewa ya mlimani inampiga usoni. Godelieve alikuwa anamzunguka, anatazama kichwa chake kila upande.

"Nani kakutengeneza hivi?"

"Mkwe wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kichwa cha treni. "Ana saluni yake Nantes. Ukitaka, weka nafasi mapema."

Nilikuwa natabasamu kama mjinga pale dirishani. Ndipo simu yake ikalia, kitandani, chini ya shali.

Nikaitazama. Kioo kimeandika: Mwanangu.

Nikapokea. Nilitaka kusema jina lake lakini akaniwahi.

"Mama?" Ilikuwa sauti yake. Ya uchovu, imekwaruza. "Mama, usiseme kitu. Nisikilize tu, maana nikinyamaza sitaweza tena. Nimetoka hospitali sasa hivi. Nimechukua majibu."

Nikakaa.

"Sina. Mama, sina huo ugonjwa. Nimemwambia daktari arudie kuyasoma, akarudia. Niko mzima."

Nikajiziba mdomo kwa ngumi. Sijui mtanielewa vipi. Nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo aliosahau kwamba ameubeba. Alikuwa mzima. Watoto wetu wangekuwa wazima. Nilikuwa na machozi hadi shingoni na nilitaka kupiga kelele treni nzima isikie.

"Unalia," akasema. "Usilie, mama. Umelia ya kutosha kwa ajili yetu."

Nikavuta pumzi nimwite.

"Ila nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usimwambie Solène."

Pumzi ikabaki palepale.

"Nimeona ujumbe wako. Siji Venice. Nimekaa hapa nje kwenye benchi, nimeshika simu, nasema sasa nampigia, namwambia niko mzima, tuanze tena. Vidole vimekataa. Mama, nilikuwa najidanganya. Nilijiambia namkimbia ili nimwokoe, nikajiona mtu mwema. Daktari aliponiambia sina, unajua nilichowaza kwanza? Niliwaza, nimekwisha, sasa sina kisingizio."

Jukwaani Mama Ghislaine alikuwa ananunua kitu kwenye kibanda, anamwonyesha muuzaji vidole viwili.

"Sikumtaka, mama. Ni mtu mwema, hana kosa lolote, nami nilishindwa kumwambia, siku zikaenda, gauni likanunuliwa, watu wakaalikwa. Halafu baba akafa mara ya pili, na ikawa kama nimefunguliwa mlango. Mwambie majibu ni mabaya. Mwambie ninao. Atalia, lakini atalia kwa huruma. Afadhali hivyo kuliko kujua. Wewe unaweza. Ulinidanganya miaka yote ile na sikugundua. Mdanganye na yeye, mara moja tu."

Nilisikia magari nyuma yake. Nilisikia mlango wa hospitali ukifunguka na kujifunga.

"Mama? Sema basi kitu."

"Nakusikia, Aurélien," nikasema.

Hakukata simu. Mpaka leo sijui kwa nini hakukata. Nilikuwa namsikia anapumua.

Renzo akapiga filimbi. Nje watu wakaanza kupanda, wakicheka, wakipulizia viganja. Behewa likashtuka kichwa kipya kilipofungwa. Nikasikia hatua za Mama Ghislaine kwenye ushoroba, nazijua, visigino vyake vinagonga kama nyundo ndogo. Mlango ukafunguka.

Mama Ghislaine alikuwa na vikombe viwili vya maziwa ya chokoleti, na sukari mdomoni kama mtoto. Alikuwa anasema kitu kuhusu Godelieve. Akaona simu mkononi mwangu. Akaona uso wangu.

Akaviweka vikombe kwenye kimeza, polepole sana.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Amekwenda kuchukua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Treni ilikuwa imeanza kupanda mlima. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, na zile nywele nilizomfunga asubuhi zilikuwa bado zimekaa vizuri.

"Anao?" akauliza. "Solène, mwanangu, niambie. Anao au hana?"

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa na mama tangu kahawa ya asubuhi tu, na neno moja, la kweli, la furaha kuliko yote aliyowahi kuyasubiri, lingemrudishia mtoto wake na kunitoa mimi kwenye nyumba yao. Niliibana simu kifuani. Kutoka ndani yake, kwa mbali, nilimsikia Aurélien ananiita kwa jina langu.

Mama yake naye akamsikia. Akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema.